Ndago za Ukingoni

Sogeeni wanangu, na wewe kifungua mimba wangu acha kunipulizia hayo marashi. Chumba cha mgonjwa hunuka, ndivyo kilivyo, na kinachonitia kinyaa mimi si harufu hii, ni ile kazi uliyoifanya kule zahanati kwa mkunga.

Kitalu hiki kimewalisha kwa ndago, majani wanayoyang'oa wakulima kwa matusi, sisi tukiyapanda kwenye mashimo ya bustani za mvua ili yameze maji yasiingie nyumbani mwa watu. Nikakuonyesha kwa mkono wangu mwenyewe, usichukue mbegu katikati ya bwawa, kule ndago ni ndefu na zinang'aa kwa kuwa hazijawahi kukosa maji. Chukua za ukingoni, pale tope linapopasuka, zile fupi zenye sura mbaya, maana bustani ya mvua hufurika leo ikakauka mwezi mzima. Pasua shina, kila kipande kiwe na mizizi na chipukizi lake, kizamishe, kikaushe, kikibaki hai ndipo uuze.

Wewe ukaona uchafu. Ukaenda kubeba hao warembo wako wa katikati, ukawapanda kwa mkunga, ukapiga na picha. Kiangazi kikawamaliza wote, mvua ikaja, na mwanamke wa watu akajifungua huku mkunga amesimama kwenye maji ya mtaro. Nilipokuuliza ukanijibu, "Mama, mimea nayo hufa." Nilitaka kutapika, na siku hiyo sikuwa mgonjwa.

Nyumba gawaneni sawasawa, nisisikie ugomvi. Kitalu, na yale mashina mama ya kupasulia mbegu nyuma ya jiko, ni vya kitinda mimba wangu, asiyeogopa tope. Binti yangu, usiyauze mashina hayo hata wakubembeleze vipi. Radhi zangu zote unazo, kila unachokipanda kishike.

Nipeni maji... basi, yanatosha.

Na wewe, kaka yake, usinishike mkono, sijamaliza. Kachimbe upya lile shimo la mkunga, upande ndago za ukingoni, wewe, si kibarua. Radhi yako sikukunyima, nimekuzaa mimi... ila sinayo hapa. Nimemwachia mkunga. Mvua ikinyesha usiku kucha... akiamka akakuta sakafu yake kavu... atakupa.