Kinyozi Aliyeitwa Kioo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka kinyozi aliyezikwa Jumatano, akiwa na miaka sabini na moja. Mtaani walimwita Kioo.

Kioo alijaliwa kuiga nyuso. Ukikaa kitini umenuna, unatazama kioo cha ukutani, unakuta mtu wa pili amenuna nyuma yako. Hata waliotoka kugombana na wake zao waliondoka wakicheka.

Binti yake, naye kinyozi, alishika kiti cha pili. Asubuhi moja, miaka minane iliyopita, saa tatu kamili, mdomo wa Kioo ulishuka upande wa kushoto. Binti akapiga makofi.

"Baba, leo umemuiga nani? Umempatia!"

Wateja wakaangua kicheko. Kioo akajaribu kusema. Maneno yakatoka yamelegea, hayashikani. Wakazidi kucheka. Kitana kikamponyoka. Bado wakacheka.

"Tulimpigia makofi baba yangu akishikwa na kiharusi," anasema binti. "Halafu nikamlaza, eti kachoka. Nikamkorogea chai."

Walifika hospitali saa saba mchana. Saa nne nzima zilikuwa zimekwenda. Kiharusi, wasikilizaji, ni damu kuzibiwa njia kwenye ubongo, au mshipa kupasuka humo humo. Usingizi haukitibu. Chai haikitibu, na koo likiwa limelegea yaweza kumpalia mgonjwa.

Kioo alipona, ila mkono wa kushoto haukurudi kazini. Basi akajipa kazi nyingine. Aliketi mlangoni na fimbo yake, na hakuna kichwa kilichonyolewa kabla ya kupita kwake.

"Tabasamu. Inua mikono yote miwili. Haya, niambie jana umekula nini."

"Mzee, nimekuja kunyolewa au kukamatwa?"

"Vyote viwili. Inua!"

Mwaka juzi akaingia mwalimu mstaafu, akasalimia vizuri tu. Akatabasamu nusu. Akainua mikono; wa kulia ukateremka wenyewe.

"Nimeulalia tu," akasema, ulimi mzito. "Acha nirudi nyumbani nikapumzike."

Binti akajikuta keshashika chupa ya chai. Miaka sita, na mkono wake ulikuwa haujasahau! Fimbo ikagonga sakafu.

"Weka chini hiyo, mwanangu! Tazama saa! Piga simu!"

Saa nne na dakika tano. Binti aliandika kiganjani kwa kalamu, akapiga simu, gari la wagonjwa likaja. Hospitalini, daktari aliuliza jambo la kwanza: ilianza lini? Binti akafungua kiganja.

Kioo amefariki kwa maradhi ya mapafu. Makaburini, Jumatano, watu walipanga mstari kumpa mkono binti. Mwalimu mstaafu alipofika mbele yake hakusema pole. Alitabasamu, mdomo sawasawa. Akainua mikono yote miwili juu, akaishikilia hapo. Binti akacheka huku machozi yakimtoka.

"Jana umekula nini?" akamuuliza.

"Maharage," mwalimu akajibu, herufi zote mahali pake.

Kwa binti, kwa mama yake, na kwa wateja wa viti vile viwili: poleni sana. Mzee wenu amefanya kazi yake.

Nasi tuliobaki, tumtazame aliye karibu. Mwambie atabasamu, ainue mikono, aseme neno. Yakiwa sawa, cheka naye. Likienda kombo hata moja, usimlaze. Tazama saa. Piga simu.