Mgeni wa Chumba cha Nne

Ting! Ndiyo sauti niliyolala nayo utotoni katika nyumba ya wageni ya Bibi, hapa La Paloma, kengele ndogo ya taipureta ikilia usiku kila mstari ulipokaribia ukingo, nami nikajua shangazi yuko macho, na kwamba mahali fulani hadithini wanawake wawili wanakaribia kubusiana.

Ndugu waombolezaji, mimi ni Noelia, mtoto wa mdogo wake wa kiume, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya Eulalia Techera, aliyezaliwa Castillos tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa Bibi Celedonia, huyu aliyeketi mbele yenu. Alisoma shule ya msingi huko huko Castillos, akamaliza sekondari mjini Rocha mwaka 1976, kisha akaja kumsaidia mama yake kazi ya nyumba ya wageni, akitandika vitanda mchana na kuandika usiku.

Tarehe 9 Januari 1989, katika likizo za kiangazi, alifika mgeni kutoka Bahia, Brazili, akapewa chumba cha nne. Asubuhi shangazi akampa kibuyu cha *mate*, chai chungu ya kwetu ambayo wote huinywa kwa zamu kwa mrija mmoja, mgeni akanyonya mrija, akasema asante kwa adabu zote za kwao, na kwa kuwa kwetu anayeshukuru ndiye aliyetosheka, kibuyu kikampita siku hiyo, na ya pili, na ya tatu, mpaka akamfuata jikoni, "We dada, nimekukosea nini? Wote wanakunywa, mimi unaniruka kama kiti!" Shangazi alicheka hadi akaketi sakafuni, "Si umeshukuru mwenyewe!" Wakamaliza birika zima.

Kiangazi hicho ndicho kilichozaa riwaya yake, *Kitanda Kimoja*, iliyotoka Montevideo Novemba 1992, na ndani yake mna yote mnayoyapenda wasomaji wa mapenzi ya likizo, mahasimu wanaopendana, dhoruba inayofunga barabara, hoteli iliyobakiwa na kitanda kimoja, na mbio za kituo cha basi dakika ya mwisho. Mgeni mwenyewe hajawahi kuikubali. "Vitanda vilikuwa viwili," husema kila tunapokaanga maandazi yetu ya *tortas fritas* siku ya mvua, "na kwenye chake alikoroma." Mbio ni za kweli, shangazi alikimbia na kandambili, ila basi lilichelewa, wakabaki wanakula mkate na jibini kwa aibu, na lilipofika hakuna aliyepanda.

Walifunga ndoa mjini Rocha tarehe 20 Septemba 2013, sheria ilipokwisha kuruhusu. Hawakujaliwa kuzaa, ila walinilea mimi tangu wazazi wangu walipokwenda kutafuta kazi Uhispania, na kama nina kasoro za malezi, wa kuulizwa yuko hapa.

Bibi hakuja harusini. Tangu kiangazi kile cha 1989 ameishi na mkwe wake nyumba moja, wamemenya viazi kwenye beseni moja, na hajamtaja jina hata mara moja, ni "mpe yule wa chumba cha nne," ni "mwite yule." Shangazi alimwahidi mama yake kutolichapisha jina hilo bila ruhusa yake, ndiyo maana hata riwayani mpenzi anaitwa Mgeni tu, toleo baada ya toleo.

Aliugua mapafu tangu Agosti 2024, akalazwa Rocha, akafariki nyumbani tarehe 3 Juni 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe, baada ya kuniagiza, "Noe, kitabuni ni Mgeni, sawa. Kaburini hapana."

Jana nilimpelekea Bibi rasimu hii. Alisoma, akavua miwani, "Hapo penye jina acha wazi, nitasema mwenyewe." Nikamuuliza, "Na ukikwama, Bibi?" Akanijibu, "We mtoto, sijakwama. Nilikataa tu."

Madaktari na wauguzi, majirani mliotuchemshia maji tangu jana, wasomaji mliokuja na vitabu vilivyochakaa, desturi inataka niseme asante, lakini mnajua neno hilo hapa lina maana gani, nasi hatujatosheka nanyi, basi kaeni, kibuyu kinazunguka. Nawe shangazi, pumzika kwa amani, kengele imelia.

Marehemu ameacha mama, mtoto wa kulea, na mjane mmoja, ambaye jina lake... Bibi, simama, tunakusikiliza.

"Sogea huku, mkwe wangu. Njoo ukae nami, Jandira."