Miaka Thelathini na Miwili ya Papa Gad Kwenye Mapipa ya Rangi

Mti wa kugeuzia nguo ukigonga ukingo wa pipa mara tatu: hivyo ndivyo tulivyojua rangi imeshika. Bado ninausikia nikiwa mezani kwangu, ingawa Papa Gad Niyonsaba anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni 2003, baada ya miaka thelathini na miwili ya kutia nguo rangi: ishirini na mitatu Bukavu alikokulia, na tisa hapa Kamembe, ng'ambo ya mpaka.

Walinzi wa mpakani walimtambua kwa mikono kabla hajatoa kitambulisho. Ilikuwa ya buluu hadi viwikoni, kwa sababu alikoroga unga wa rangi kwa mkono mtupu, akidai glovu zinamzuia kujua kama maji yako tayari. Vita vilipoingia Bukavu mwaka 1996, mafurushi ya vitambaa yalivuka mto wa mpakani yakitaka rangi nyeusi ya matanga. Papa Gad alikunywa maji kidogo ili asiache pipa kwenda chooni, na njaa akaituliza kwa sigara. Hakuna mjane aliyerudishiwa nguo yenye mabaka.

Mwaka jana mkojo wake ulikuwa mwekundu. Siku hizo tulikuwa tukitia rangi nyekundu mavazi ya kwaya ya Giheke, naye akacheka kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Muniache, njo rangi inatoka." Hakuwa na maumivu yoyote. Tulicheka naye wiki sita, hata mimi ninayeandika daftari la rangi na niliyesoma kemia. Mteja wetu kutoka Bukavu, Maman Nsimire, ndiye hakucheka. "Papa Gad, rangi inatokaka ku nguo, haitokake mu muntu." Akamshika mkono, wakaenda hospitali.

Ilikuwa saratani ya kibofu. Daktari aliuliza kuhusu unga wa rangi, kisha kuhusu sigara. Alisema vyote viwili huongeza hatari, na hawezi kujua kipi ndicho kilichomletea ugonjwa. Uvimbe ulitolewa Januari. Sigara ameacha, ingawa hununa kila ifikapo saa nne asubuhi. Ataangaliwa tena kila miezi mitatu.

Asante, Papa Gad, kwa kila kitambaa na kwa kutuvumilia. Kapumzike Gitambi na mkeo, Maman Drocella, unywe maji mengi bila kuchungulia pipa.

Mti wako uko kwenye ndoano yake. Jana, kabla ya kazi kuanza, niliufungia stoo ule unga wa zamani wa rangi uliokuwa ukiukoroga, nikawapeleka wenzako wote sita wa chumba cha rangi kupimwa mkojo. Kikopo cha kwanza kilikuwa na jina langu.