Mama Wino na Vidole Kumi vya Kaka Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeshika mikono ya nusu ya mji huu. Wenzake walimwita Mama Wino. Ametutoka Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sitini na sita.

Kwa miaka ishirini na minane Mama Wino alichukua alama za vidole katika ofisi ya vitambulisho. Alizichukua kwa wino. Vifaa vyake vilikuwa kioo, rola na kitambaa chenye spiriti. "Legeza mkono, baba," alikuwa akisema. "Kidole nakiviringisha mimi. Wewe usinisaidie." Na watu wazima na akili zao walilegea.

Kisha zikaja mashine za kidijitali. Mkuu wa ofisi akamwambia azijaribu. Mama Wino akachukua watu mia tatu, na kila mmoja akampima kwa njia zote mbili: mashine kwanza, wino baadaye. Binti yake anakumbuka: "Mama alizipanga zile kadi za alama juu ya meza ya chakula. Wiki mbili tulikula tumepakata sahani."

Hakuionea mashine wivu. Katika ripoti yake aliandika kwamba ni safi, haipaki mtu matope ya wino, na kazi ya siku nzima ya kutafuta kadi ya mtu inaimaliza kabla hujapiga miayo. Lakini ukurasa wa mwisho aliandika jambo jingine. Mikono ya wafua nguo na wafyatua tofali imelika. Mashine inaikataa. Wino, ukiwa na subira, unaipata. Basi mashine inunuliwe, na wino ubaki.

Mkuu aliuchomoa ukurasa ule wa mwisho. Ripoti ikapelekwa juu bila huo ukurasa. Wino ukafungiwa stoo.

Wasikilizaji wapendwa, kaka yake Mama Wino alikuwa mfyatua tofali.

Alikuwa na ngiri, na daktari alishasema apasuliwe upesi. Hospitali ilitaka kitambulisho kipya. Kaka akaja dirishani kwa dada yake, akaweka kidole. Taa nyekundu. Akaweka kingine. Nyekundu. Akaambiwa apake mafuta mikono, arudi wiki ijayo. Akapaka, akarudi. Nyekundu.

Mara ya tatu Mama Wino alimwomba mkuu ufunguo wa stoo.

"Tukimfungulia kaka yako," mkuu alijibu, "kesho wataiita ofisi ya ukoo. Mwambie arudi Jumatatu. Na mwambie wewe mwenyewe, asije akadhani mimi namchukia."

Naye akaenda akamwambia. Hilo ndilo hakujisamehe. Alikuwa mtumishi mtiifu, na utii wake aliutumia kwa mtu wa kwake.

"Kaka, rudi Jumatatu."

Kaka alivitazama vidole vyake, akacheka kidogo. "Vimejenga nyumba za watu mpaka vimekwisha," alisema. "Sawa, mdogo wangu. Wewe ndiye unayejua taratibu."

Jumamosi ngiri ilijinyonga, utumbo ukabanwa. Alifikishwa hospitali, na pale mapokezi wakaanza kwa kumwuliza kitambulisho. Alifia kwenye benchi, akiwa amekaa.

Ukatili haukuishia hapo. Mochwari walikataa kutoa mwili bila uthibitisho wa vidole. Mashine ikaletwa. Kidole cha maiti nacho kikagonga nyekundu. Ndipo simu ya mkuu ikamfikia Mama Wino, msibani, kanga kichwani.

"Chukua ufunguo wa stoo," mkuu alisema. "Njoo na wino wako."

Wino alionyimwa akiwa hai ulipatikana alipokufa.

Alikwenda. Alivikunjua vile vidole kimoja kimoja, akaviviringisha kumi vyote. Akavilinganisha na kadi aliyomchukulia mwenyewe miaka kumi na tisa nyuma. Vilikuwa vyake. Akatia sahihi. Binti yake alikuwa mlangoni. "Mama hakulia," anasema. "Alivifuta kwa spiriti mpaka vikatakata. Aliniambia, mjomba wako hazikwi na uchafu wa ofisi yangu."

Jumatatu aliibandika nakala aliyobaki nayo ya ule ukurasa wa mwisho kwenye ubao wa matangazo, ikiwa na jina lake. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amehamishiwa kwenye chumba cha majalada mabovu, na huko ndiko alikomalizia utumishi wake. Miaka miwili baadaye wino ulirudishwa madirishani kwa ajili ya mikono iliyolika. Mkuu alisifiwa kwa wazo hilo, akapandishwa cheo. Mama Wino alisikia habari hiyo kwa mhudumu wa chai. "Angalau wamerudisha," alisema, akaendelea kufunga majalada kamba.

Kwa binti yake, kwa wajukuu, na kwa mjane wa yule kaka, poleni sana. Mungu awape nguvu ya kulibeba hili.

Ofisi ilituma barua ya rambirambi hapa studio, ili isomwe hewani. Imeandikwa vizuri. Binti ya marehemu ameniomba nisiisome, nami sitaisoma.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kesho mkiwa kwenye foleni, na aliye mbele yenu akaambiwa arudi wiki ijayo, msifurahi kwamba nafasi imesogea. Mwulizeni hii ni mara yake ya ngapi.