Ng'ombe Analala kwa Nani

Pale Iyunga, kando ya barabara kuu, benchi letu ni ubao wa lori juu ya madebe mawili. Ukikaa kizembe linakubinua. Ijumaa ile ya baridi kali tulikuwepo mimi, Saulo fundi baiskeli tunayemwita Spana, Isakwisa tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, na Edmund, karani wa josho la ng'ombe kule Usangu. Katikati yetu alikaa mzee Budeba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Usangu, ametoka mjini kunyimwa ng'ombe wake mwenyewe. Ng'ombe huyo alimkabidhi rafiki yake Malimi amtunze, kama wafugaji wanavyotawanya mifugo ili ugonjwa usimalize boma zima. Malimi amefariki. Kaka zake wamesomba kila kilichoandikwa kwenye kadi yake ya josho, na wakubwa wa ofisini mjini wamesema kadi ndiyo kadi. Aliyezipanga kadi hizo ni Edmund. Nilimhurumia, ila hasira nayo nilikuwa nayo.

— Ulizipangaje lakini? akauliza Redio.

— Kila boma kadi moja, akasema Edmund. Mwenye boma, mke, watoto, ng'ombe, wote humo. Nilikuwa naanza kazi, nikaona rahisi.

— Na mwenye ng'ombe ulimjuaje?

— Niliuliza, "Huyu analala kwa nani?" Nikadhani analala kwa mwenyewe.

Budeba akatikisa kichwa.

— Na mimi siku hiyo nilikuwepo pale joshoni. Nikanyamaza. Sisi hatutangazi ng'ombe zetu ziko wapi, watu wana kijicho. Neno moja tu, jamani! Ningelisema.

— Si ana alama yako sikioni? akauliza Spana.

— Anayo. Wameniambia sikio halina mhuri.

— Basi kamba! Redio akainuka, ubao ukatubinua nusura kahawa imwagike. Funga kamba toka kadi ya Malimi mpaka ya Budeba. Kila aliyekabidhiana na mwenzake, kamba!

— Ofisi itajaa kamba tupu. Karani atapitaje? nikauliza.

— Atambae!

Spana akachovya kidole kwenye kahawa, akachora ubaoni.

— Ng'ombe apewe kadi yake. Budeba yake, Malimi yake. Halafu kadi ya katikati: ng'ombe huyu ni wa fulani, anatunzwa na fulani. Mtunzaji akifa, unachana ya katikati tu.

— Na kupe nao waandikwe! akadakia Redio. Kupe huyu ni wa ng'ombe yupi!

Tukacheka. Edmund hakucheka.

— Ilitakiwa hivyo hivyo, Spana. Najuta sikukuuliza mapema.

— Malimi hakuniibia, akasema Budeba taratibu. Hilo ndilo linaloniuma. Sasa naonekana namdai marehemu.

Hapo akarudi Leokadia, mjane wa Malimi, aliyekwenda kuulizia basi. Alikuwa amekuja kumtolea Budeba ushahidi, wakubwa hawakumsikiliza. Tukampisha akae. Akauangalia mchoro wa Spana.

— Karani, kwenye ile kadi ya marehemu na mimi nimo?

— Umo, mama. Na watoto.

— Wapi?

— Mstari wa juu ya ng'ombe.

— Shemeji zangu wanasema vyote vilivyomo ni vyao, na kesho wanarudi. Sasa mimi na wanangu ni wa nani?

Edmund akainama. Budeba akavuta blanketi lake.