Mama Usingizi, Mlinzi wa Pumzi za Watu

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Usingizi, alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, kifungua mimba wa mwalimu na mkunga. Alisoma shule ileile aliyofundisha baba, wala hakupendelewa: akichelewa, alifagia darasa kama wenzake.

Alihitimu udaktari mwaka 1982, akabobea katika nusukaputi, dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji. Wagonjwa ndio waliompa jina la Mama Usingizi, naye akalipenda kuliko vyeo vyake vyote.

Mwaka 1985 aliolewa na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya hospitali, mtu wa utani kama yeye.

Kwa miaka mingi alifundisha kuingiza mdomoni mrija laini wenye mto mdogo, unaokaa juu ya koo la hewa ili mgonjwa asiyejiweza apate kupumua. Alisisitiza usukumwe moja kwa moja. Daktari kijana aliyefanya naye kazi akambishia: ukiuzungusha kidogo, unaupita ulimi bila taabu.

"Basi tupime," dada akasema. "Maneno hayapumui."

Utafiti ukaanza. Nyumbani alifanyia mazoezi kichwa cha plastiki mezani, mdomo wazi, hadi shemeji akalalamika: "Mke wangu, mwambie mgeni wako afunge mdomo, tunataka kula."

Mwaka 2004 matokeo yalitoka: kuzungusha kulishinda. Dada aliyaandika kama yalivyo, kisha akawaita wahudumu wa magari ya wagonjwa, akawafundisha upya.

Mwaka 2022 alianza kuugua moyo. Februari iliyofuata alianguka sokoni, moyo ukasimama. Wahudumu wakawahi, wakampa hewa kwa mrija uleule na kuushtua moyo kwa umeme mpaka ukarudi kupiga. Alipopata nafuu, mmoja wao alikuja kumjulia hali.

"Mrija uliingia mara ya kwanza?" dada akamuuliza.

"Mara ya kwanza, mama."

"Ulizungusha?"

"Nilizungusha, kama ulivyotufundisha."

Dada akamgeukia mumewe, machozi yakimlengalenga. "Umesikia, baba watoto? Nilishindwa vizuri."

Tulijaliwa kuwa naye hadi tarehe 9 Septemba 2023, alipofariki nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu anayejifunza kutembea, na sisi wadogo zake watatu, ambao bado hatujui nani sasa atatugombeza tusipopigiana simu.

Mola ampe pumziko tulivu.