Kibao Kinasema Arobaini

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu hakupenda hotuba ndefu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kuzitoa. Mimi mdogo wake nitajitahidi kuwa mfupi. Nikishindwa, mjue ni damu.

Marehemu kaka yangu alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, saa saba mchana, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa posta na mshonaji. Mvua ilikuwa kubwa na barabara imekatika. Mkunga alifika kwa miguu, viatu mkononi, akamzalisha mama kabla hata ya kujifuta uso. Mama aliturudia habari hiyo kila mwaka, na kila mara aliimaliza hivi: "Mtu aliitwa, akaja." Kaka aliyashika maneno hayo kuliko alivyoshika hesabu za shule.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya karakana ya reli kuanzia 1968, kisha sekondari, na mwaka 1980 akaingia chuo cha ufundi. Huko mwalimu wa michoro ya mitambo alimfundisha mambo mawili: kupiga mstari ulionyooka, na mchezo wa mezani ambao mmoja husimulia hadithi, wengine huwa watu wa ndani ya hadithi hiyo, na kete huamua nani kafaulu na nani kaumbuka. Hadithi zao zilikuwa za vyombo vya anga vinavyosafiri kati ya nyota na nyota. Baba alipopata habari, alisema amelipa ada ili mwanawe akacheze bao la mawinguni.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya miaka thelathini na sita, mpaka mtaa mzima ukamwita Mzee Lifti. Alikuwa na subira ya ajabu na mashine, na hakuwa nayo kabisa na watu wanaobonyeza kitufe mara kumi. Siku moja nilimpelekea chakula kazini nikamkuta akipakia vyuma vizito ndani ya lifti mpya. Kibao ukutani kilisema watu wanane. Yeye alikuwa ameshazidisha uzito huo kwa robo nzima, na bado alikuwa ameinamisha sikio akisikiliza kamba. Nikamwambia ataivunja. Akanijibu, "Bora niogope mimi leo kuliko abiria kesho."

Mwaka 1990 aliitwa hospitali kumtoa muuguzi aliyekwama kwenye lifti kwa dakika arobaini. Ili asitaharuki, kaka alimsimulia kupitia upenyo wa mlango habari za chombo alichokuwa akikichora: mita mia moja na kumi na mbili, sitaha tatu, vyumba thelathini na kimoja. Sauti ikatoka ndani: "Samahani fundi, hao watu wako wanajisaidia wapi?" Vyumba thelathini na kimoja, na hakuna choo hata kimoja! Alimfungulia mlango, akaenda moja kwa moja kufuta ukurasa wa tisa. Mwaka uliofuata akamwoa. Vyoo vyote sita vya chombo kile vinaitwa Shemeji mpaka leo, na mwenyewe shemeji yuko hapa, anacheka na kulia kwa pamoja.

Chombo chenyewe ni Mkunga, yaani jamii nzima ya vyombo saba vya mchoro mmoja. Kazi yake ni moja: chombo kingine kikiharibikiwa na kuomba msaada, Mkunga huenda. Hakina silaha. Rafiki yake kinyozi, ambaye mchezoni ndiye rubani, aliwahi kulalamika: "Sasa tukivamiwa tupigane na nini, mafagio?" Kaka akamjibu, "Mtapiga honi." Na kama ilivyo kwa lifti, penye mlango wa kila Mkunga kuna kibao: watu arobaini.

Kwa miaka ishirini na miwili, kila Jumamosi saa tisa alasiri, wanne walikaa kwenye meza yake: kinyozi, mwalimu wa udereva, mama wa duka la madaftari, na mpiga chapa aliyechapa karatasi mliyoshika mkononi. Mwezi Februari 2022 walikuwa wamefika kwenye chombo kinachoungua, chombo chao cha Mkunga kikiwa na watu arobaini kamili, na kwenye chombo kile wamebaki watu tisa. Hapo ndipo kaka aliposhikwa na kikohozi ambacho hakikuisha. Mapafu. Mchezo ukasimama pale pale. Waliambiwa waendelee na msimulizi mwingine, wakakataa. Kwa miaka miwili walibishana kuhusu wale tisa, kinyozini, dukani, hata kwenye gari la mafunzo mwanafunzi akiwa kwenye usukani.

Mikono yake ilipochoka, mimi, niliyemcheka miaka yote hiyo, nikawa mwandishi wake. Mwezi Januari aliniandikisha ukurasa wa mwisho wa jalada la Mkunga, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Akaniambia, "Usiwaonyeshe. Wakiujua kabla ya kuamua, watakuwa hawajaamua kitu."

Jumatatu tarehe 11 Machi 2024 walikuja wote wodini. Kinyozi akasema, "Mzee Lifti, tunawachukua wote tisa."

"Kibao kinasema arobaini," kaka akanong'ona.

"Tumeshakisoma," akasema mwalimu wa udereva. "Tutabanana."

Mama wa duka akamalizia: "Tukianguka tuanguke wote. Kumfungia mtu mlango usoni, mimi siwezi."

Sijawahi kumwona kaka akifurahi vile. Alicheka mpaka muuguzi wa zamu akaja kumwinua. Akawaambia walete kete Jumamosi. Alifariki Jumatano, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Wanne hawa hawakupata kujua kama chombo chao kiliinuka au kilivunjika, na tangu juzi wananiuliza kwa macho.

Basi nausoma ukurasa huo, kwa ruhusa ya mjane. "Kila chombo cha jamii ya Mkunga kimejaribiwa kwa mzigo wa robo zaidi ya kibao. Kibao kinasema arobaini. Chombo kinabeba hamsini. Wakiamua kuwachukua wote, kete zisirushwe. Wamefika."

Marehemu ameacha mke, binti mpima ardhi, kijana mwoka mikate, wajukuu watatu, dada wawili, kaka mmoja, na mabaharia wanne. Jumamosi saa tisa, meza ni ile ile. Nitasimulia mimi, kwa hiyo wanne hawa wanivumilie.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Lakini hesabuni wenyewe: arobaini na tisa wako ndani, na mlango bado haujafungwa. Kaka, nafasi ya hamsini ni yako. Panda, upumzike kwa amani.